Wanamichezo wa Chuo, Lisikilizeni Goti

Wajukuu zangu mnaovaa jezi za vyuo, wa kikapu, netiboli, soka na riadha, nina neno nanyi. Ni neno la bibi aliyefundisha netiboli tangu nywele zikiwa nyeusi, na ambaye hata leo akisikia filimbi hawezi kukaa ametulia. Sitawahimiza mjitume, kwa kuwa juhudi mnazo. Nawaonya juu ya jambo moja mnalolikosea: mnadhani uvumilivu ni kucheza huku unaumia. Huo ni ukaidi, na mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi.

Nawaona mkipokezana simu kumtazama Paige Bueckers aliyekuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, chuo kile kile alichochezea kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Mnarudia rudia fainali ya Aprili 6, 2025 mjini Tampa, Connecticut walipoifunga South Carolina 82 kwa 59 wakatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Shangilieni, ni haki yenu. Lakini mjue yaliyotangulia.

Binti huyo alitangazwa mchezaji bora wa vyuo akiwa mwaka wa kwanza tu. Desemba 2021, katika mechi na Notre Dame ambayo timu yake ilikwisha kuishinda, ikiwa imesalia chini ya dakika moja, alianguka akiwa na mpira. Mfupa wa muundi ukavunjika juu, pale unapokutana na goti, na gegedu likachanika. Akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani Februari. Agosti 2022, katika mchezo wa kujifurahisha usio na kombe wala pointi, kano ya mbele ya goti lile lile la kushoto ikakatika. Msimu mzima ukampita. Sisemi jeraha la kwanza ndilo lililozaa la pili; hilo waachieni madaktari. Nasema mara ya kwanza alikaa nje chini ya miezi mitatu, na mara ya pili alikaa miezi 15. Aliporudi, nusu fainali ya 2024 Iowa wakaitoa timu yake kwa pointi mbili. Alikuwa na ruhusa ya kwenda kucheza kwa malipo mwaka huo, akachagua kubaki chuoni. Kombe akalipata mwaka wake wa tano.

Na mwenzake, Azzi Fudd? Kano ya goti lake ilikatika mwaka 2019 akiwa sekondari, ikakatika tena Novemba 2023 baada ya mechi mbili tu za msimu. Kwenye fainali ile ya Tampa alifunga pointi 24, na yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano.

Sasa niwaambie miezi ile inavyokuwa, maana kamera haziioneshi. Baada ya upasuaji wa kano, paja husinyaa. Zungushia futi ya fundi cherehani mapaja yote mawili utaona tofauti kwa macho. Mgonjwa analala chali kitandani, taulo limeviringishwa chini ya goti, anaambiwa alikandamize kwa kukaza msuli wa paja, ahesabu hadi tano, aachie, arudie. Anatokwa jasho kwa zoezi ambalo mtoto angelifanya akicheka. Kesho taulo lile lile, na keshokutwa. Baadaye ndipo huja baiskeli ya mazoezi, kuchuchumaa nusu, kuruka kwa mguu mmoja na kupimwa kama mguu uliopasuliwa unafika pale unapofika mwenzake. Makocha wetu hupenda kupiga kelele, "Jikaze!" Basi pa kujikaza ni hapo kwenye taulo, pasipo na wa kukupigia makofi.

Nyie mnajikaza pasipostahili. Nimemwona binti akipanda ngazi za bweni upande upande, kiganja ukutani, mguu mmoja ukiusubiri mwingine. Kocha alipotokea kwenye korido, akanyooka na kutabasamu. Jioni alikuwa uwanjani, bandeji imefichwa chini ya soksi ndefu. Tulizoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa mwanamichezo, mkuu wa kwanza ni goti lake mwenyewe. Ukisikia "pop" ndani yake, likavimba ndani ya saa chache, au likawa linakukatikia unapogeuka, limekwisha kukuonya. Toka uwanjani siku hiyo hiyo. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, inua mguu, uende ukapimwe. Usimpe mtu mguu uliovimba auvute na kuuchua kwa mafuta ili ucheze kesho. Wala usimeze diklofenaki kabla ya mechi. Dawa hiyo inanyamazisha maumivu tu, kano inabaki vile vile, na ukiizoea inaweza kukudhuru tumbo na figo.

Mtanijibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Naam, na haraka huumiza magoti. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alichelewesha kurudi, hadi mwezi wa tisa baada ya upasuaji, hatari ya kuliumiza goti tena ilipungua kwa karibu nusu. Na miongoni mwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni baada ya upasuaji huo, karibu mmoja kati ya wanne huumia kano tena, goti lile lile au la pili. Kombe la vyuo litachezwa tena mwakani. Kwa hiyo kapteni akikuita mwoga, mwache aite.

Najua mtasema, "Bibi, kule wana daktari wa timu na mashine, sisi tuna ndoo ya maji na bandeji moja." Ni kweli, na wakuu wa vyuo wanalo la kujibu. Lakini taulo unalo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo, na hospitalini KCMC pale Moshi wanafundisha wataalamu wa fiziotherapia. Nenda ukafundishwe mazoezi, kisha uyafanye chumbani kila siku kama unavyopiga mswaki.

Ninyi ambao magoti yenu bado mazima, hasa wasichana, ambao kano hii huwakatikia mara nyingi kuliko wavulana, msingoje yawapate. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, yasiyohitaji zaidi ya mpira na uwanja. Yanakufundisha kutua goti likiwa limekunjwa na kuelekea mbele, lisiangukie ndani. Timu za wasichana wa soka zilizoyafuata zilipunguza majeraha makubwa kwa karibu nusu. Ninyi mnafika uwanjani mmechelewa, mnazunguka mara mbili mkipiga soga, mnaanza mechi.

La mwisho ni vitabu. Bueckers alihitimu shahada yake mwaka 2024, kabla hajashika kombe. Mguu ukikulaza, kichwa hakijalazwa. Msimu unaokaa nje uwe ndio msimu unaomaliza masomo yaliyolala, maana jezi ya chuo utaivua siku moja, uwe mzima au unachechemea, na cheti ndicho utakachotoka nacho.

Mungu awalindie viungo vyenu. Na atakayeumia leo mazoezini, asilale bila kumwambia kocha.