Je, Kila Kisichotajwa kwa Jina ni Halali?

Ndugu mmoja aliyeingia katika Islam hivi karibuni, akaacha pombe na tumbaku, alituuliza juu ya sigara ya umeme, ambayo haina moto wala jivu, bali kimiminika kilichopashwa joto hata kikawa mvuke. Alisema ameisoma Kurani Tukufu yote kwa tafsiri wala hakuona mahali ilipokatazwa. Swali lake ni la haki, wala halimpunguzii imani.

Mwenyezi Mungu hakuteremsha Kitabu Chake kiwe orodha ya bidhaa za madukani. Ametuamuru kutumia kilicho halali na pia kilicho kizuri. Na uzuri huo maana yake ni usafi na kuufaa mwili. Basi kitu chaweza kutotajwa kwa jina, na bado kisiwe kizuri.

Tazameni yaliyotokea Marekani mwaka 2019. Vijana waliokuwa na afya njema walifikishwa hospitalini wakikohoa na kutweta, wengine wakitapika na kushikwa na homa. Hata kufikia Februari 18, 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na kati yao waliokufa ni 68. Wengi hawakuwa wamefika umri wa miaka 35. Uadilifu watulazimisha kueleza kwamba wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi, si nikotini peke yake. Wataalamu walipochunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Kwa watu 99 wenye afya hawakuiona hata kwa mmoja.

Sasa fikirini! Vitamini hiyo hupakwa kwenye ngozi na humezwa, wala haileti maradhi hayo. Wauzaji waliitia ili kuzimulia mafuta ya bangi wapate faida zaidi, na mnunuzi hakujua avutacho. Kisichodhuru tumboni kiliunguza mapafu, kwani Muumba amekipa kila kiungo riziki yake, na riziki ya mapafu ni hewa.

Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., hakuiita tumbaku haramu, maana sheria haikutoa hukumu ya wazi juu yake. Lakini aliichukia, akaihesabu katika mambo ya upuuzi ambayo waaminio hujiepusha nayo. Sisi hatuoni sababu ya kuuhesabu mvuke huu vingine.

Yule ndugu akauliza tena: je, akijaribu kuacha akashindwa? Tulimjibu kwamba nikotini humfunga mtu kweli kweli, na kuanguka si unafiki. Tukamkumbusha kwamba katika Ramadhani alijizuia tangu alfajiri mpaka magharibi, siku baada ya siku. Akacheka, akasema saa iliyomshinda ni ile ya baada ya kufuturu. Basi tumemwomba saa hiyo aje msikitini kusoma pamoja nasi, na kile kifaa akiache nyumbani.