Cheni Ikilia, Simama

Wanangu wa steji za Litein, Kapkatet, Sotik na Silibwet, wengi wenu mlikuwa bado mnanyonya mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki za chini ya 250cc na vilima vyetu vya chai vikaanza kunguruma. Tangu siku hizo nimeshika spana. Injini nyingi zilizoletwa kwangu zikiwa zimekufa hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na cheni, na mwenyewe alikuwa ameisikia ikija.

Chuchumaeni upande wa gia, mfungue kile kifuniko kidogo. Mtaona sproketi ya mbele, na kando yake kabisa, kwa nafasi ambayo kidole kinapita kwa shida, ukuta wa injini. Ukuta huo ni alumini ya kumiminwa. Haubonyei kama bati. Ukigongwa sana hupasuka. Sasa cheni ikikatika ukiwa mlimani na mzigo, injini haina habari. Sproketi inaendelea kuzunguka, inaivuta ile ncha iliyokatika, inaikunja na kuishindilia katika nafasi ile finyu. Hapo cheni haishindwi. Kinachoachia ni ukuta. Na kwa pikipiki zetu hizi, oili ya injini ndiyo hiyohiyo ya giaboksi, kama lita moja tu. Ikimwagika, vyote viwili vinakauka, na oili yenyewe inarukia tairi la nyuma wakati umebeba mtoto wa mtu.

Mimi yalinipata. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua ya mchana imekwisha kushuka, nami napanda kutoka mto Kipsonoi na magunia ya majani ya chai ya mama mmoja mjane, nayapeleka kituo cha kupokelea chai. Juma zima nilikuwa nikisikia tak, tak, tak kila nilipopunguza mafuta. Nikajiambia nitaitazama cheni nikishamaliza malipo ya wiki. Ikakatika palepale penye tope, ikapasua ukuta wa injini. Nilipofika kituoni nikisukuma, majani yalikuwa yamepata moto ndani ya magunia na kugeuka mekundu, yakakataliwa. Nilimlipa yule mama majani yake, kisha nikauza mtamba ili nipate injini. Nyinyi mna mikopo ya kila siku, na mkopo haulali kwa sababu pikipiki imelala kwa fundi.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kukata cheni. Cheni imelegea, kirekebishio cha nyuma kimefika mwisho, kijana anang'oa viungo viwili, anaunganisha, anafurahi kwamba ameokoa pesa. Mwanangu, cheni hairefuki kama mpira. Ni pini na mabushi ya ndani yamelika, kila kiungo kimeongeza kidogo. Ukipunguza viungo, ulikaji unabaki vilevile katika vyote vilivyosalia. Nyingi za cheni zetu zimeandikwa 428, na kutoka pini hadi pini ni 12.7 mm zikiwa mpya. Ivute ikazike, uhesabu viungo 40, upime kwa tepu ya fundi seremala: mpya ni 508 mm. Mimi ikifika 515 siibembelezi tena. Kama huna tepu, ishike kule nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuja nyuma. Jino likionekana nusu yake chini ya cheni, safari zake zimekwisha. Na ununue vyote vitatu, cheni na sproketi mbili. Meno yaliyopinda kama ndoana yataila cheni mpya kabla mvua haijabadilika.

Kuna jambo lingine ambalo ni la kwetu hasa. Tunafunga magunia kwa vipande vya tyubu kuukuu. Kipande kimoja kikifunguka na kuning'inia, cheni inakikamata na kukipeleka mbele kwenye sproketi, kinaingia kati ya meno, kinainua cheni, na mambo yanakuwa yaleyale niliyowaeleza. Ncha zote zifungwe juu, zisining'inie. Ndiyo maana nawagombeza mnaotupa kile kifuniko cha sproketi, na lile bati linalofunika cheni, mkidai tope linajaa. Tope linajaa, ni kweli. Basi fungueni kila jioni mlikwangue. Udongo wetu mwekundu ukikauka pale unakuwa tofali, unaimaliza ile nafasi ndogo, na cheni inaanza kusaga ukuta. Mkiona mstari unaong'aa kwenye alumini, hiyo ni alama ya cheni. Msiisubiri iongezeke. Na anayeweka sproketi ya mbele yenye meno mengi ili apate mbio barabara ya Kaplong ajue kwamba ameisogeza cheni karibu zaidi na ukuta.

Huko Ulaya na Marekani, wanaoshindana kwa pikipiki za matopeni hufunga kipande kinene cha chuma au alumini kati ya sproketi na injini, kipigwe chenyewe kwanza. Fundi mwenye subira anaweza kukutengenezea. Ila kishikwe kwa boliti imara, kisiguse cheni popote, nawe uzungushe gurudumu kwa mkono mara kadhaa kabla hujawasha. Kikilegea, kitaingia kwenye sproketi na kufanya kazi ileile uliyokuwa ukiizuia.

Ulegevu katikati ya cheni uwe 20 hadi 30 mm, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema, upimwe pale inapokaza zaidi. Klipu ya kiungo, upande wake uliofungwa utangulie mwendo wa cheni. Ikigeuzwa, kijiti kimoja tu kinatosha kuing'oa. Mafuta ya taa yasafishe, oili ya gia ilainishe. Oili chafu ya injini msiipake, imejaa vumbi la chuma. Na hili nawasihi kama baba: msisafishe cheni injini ikinguruma na gia imeingia. Nawajua vijana wawili waliopoteza vidole kwa njia hiyo, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akilisha nyumba ya mama yake.

Tena kuna namba ya injini. Imechongwa kwenye ganda la injini, lenye ukuta huohuo, na imeandikwa katika logibuku yako. Ganda likipasuka vibaya, utatafuta jingine, na namba hazitalingana. Itabidi uifikishe habari hiyo kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, pikipiki ikaguliwe, na namba mpya iandikishwe. Ukinunua injini ya rahisi kwa mtu usiyemjua, bila karatasi, utajikuta unaulizwa kituo cha polisi kuhusu pikipiki ya mtu mwingine iliyoibwa.

Ganda langu la siku ile bado ninalo, mlangoni mwa karakana. Nilijaribu kulichomelea, lakini oili ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya alumini, likawa linatokwa jasho pale pale penye ufa. Namba yake inasomeka mpaka leo. Piteni jioni yoyote mlipapase, na mje na pikipiki zenu, tufungue vifuniko kabla mvua ya kesho haijanyesha.