Deni la Fundi kwa Mpita Njia

Fundi anapotengeneza vizuri sehemu ambayo mwenye nyumba hataikagua, anamfanyia nani? Waumini wengi hujibu upesi kwamba anamfanyia Mungu, kwa kuwa Yeye huona. Jibu hilo lina msingi. Katika hadithi mashuhuri ya Jibrili, iliyopokewa na Imamu Muslim, ihsani ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na usipomwona, Yeye anakuona. Lakini hadithi nyingine katika mkusanyo huohuo inaitoa ihsani kwenye mswala na kuieneza katika kila jambo, na mfano wake ni mchinjaji: anoe kisu, mnyama asiteseke. Anayefaidika na ukali wa kisu hicho ni mnyama. Kwa kipimo hicho, nadai kwamba ihsani katika kazi ni deni kwa yule atakayeumia ikikosekana, na ibada ya fundi imo katika kulilipa.

Tazama ua uliosakafiwa kwa mawe ya asili. Katikati, fundi wa kawaida hapati tabu. Mtihani uko pale mawe yanapoishia, kwenye ukingo uliopinda na kwenye ngazi. Mawe ya mraba yakifika penye mpindo, mengine hubaki vipande vyembamba vyenye ncha. Anayelipua kazi huvichomeka hivyohivyo na kuziba kwa saruji, na siku ya kukabidhi huoni tofauti. Ila kipande kama hicho hakina upana wa kushikana na kitanda chake, kwa hiyo mvua na nyayo hukilegeza. Fundi mwaminifu huyapanga mawe makavu kwanza, akasogeza viungo, hadi kila jiwe la ukingoni libaki na upana wa kujitegemea. Ngazi ni kali zaidi. Mfaransa François Blondel aliandika katika karne ya 17 kwamba kimo cha kidato mara mbili, kikijumlishwa na upana wa kukanyagia, kilingane na hatua ya mtu, yaani kama sentimita 65. Mguu hujifunza kipimo kwenye vidato vya mwanzo, kisha huamini. Kimoja kikizidi wenzake kwa sentimita moja au mbili, jicho halitambui lakini mguu hujikwaa. Mara nyingi kosa huwa kwenye kidato cha chini kabisa au cha juu kabisa, kwa sababu fundi alipomimina zege alisahau kuhesabu unene wa mawe yatakayofuata.

Wapo watakaosema mteja alilipa kidogo, basi apate alicholipia. Bei ndogo inaweza kupunguza aina ya jiwe na urembo wake. Hilo ni halali. Lakini mpita njia hakuwemo kwenye mapatano, na punguzo lile hakulipokea, hivyo haliwezi kulipwa kwa goti lake. Wengine watasema uangalifu huu ni israfu, hata riya. Hoja hii ina uzito, na kipimo changu kinaikubali: jiwe la ngazi lililong'arishwa hadi kumetameta huteleza likilowa, na hapo urembo umemla mtu haki yake. Kuuacha uso na mkwaruzo na kuondoa makali ya ukingo kidogo tu ndiyo ihsani, ingawa haisifiwi na wageni. Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: ikiwa deni ni la binadamu, hata asiye na dini anaweza kulilipa, imani inaongeza nini? Kweli anaweza, na wengi hulilipa. Lakini mdai wa deni hili hajulikani, huenda hata hajazaliwa, na hana mahakama ya kumfikisha fundi. Madeni ya namna hiyo ndiyo rahisi kudhulumu. Imani humwambia fundi kwamba mdai huyo anaye wakili tangu leo.

Basi wewe unayejengesha, kabla ya kutoa malipo ya mwisho, chukua tepu upime kila kidato, cha kwanza hadi cha mwisho. Ukikuta tofauti, usikubali kufichiwa kwa nakshi, wala usimharakishe fundi anayetaka kurekebisha. Ukilipa na kunyamaza huku unajua, dhuluma hiyo ni yenu wawili.