NASABA NA DINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu kwa mume mmoja na mke mmoja, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Watu wa Singida hawana haja ya kufundishwa ya kwamba nasaba ina njia nyingi. Mnyaturu huhesabu ukoo wake kwa baba. Mnyiramba, kwa desturi ya wazee wake, huuhesabu kwa mama. Mtoto wa baba Mnyiramba na mama Mnyaturu, kila upande ukishika desturi yake, hukosa ukoo huku na huku, naye ni mtu kamili aliye mbele ya macho yao. Ikiwa ukoo una ugumu huu, seuze dini, ambayo makao yake ni moyo?

Mas'ala haya yamewashughulisha Mayahudi zamani na sasa. Kwa sheria yao, Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia katika dini yao mbele ya baraza ya watu watatu, akajitosa majini kwa josho la twahara, na mwanamume akatahiriwa. Mwaka 1950 dola ya Israeli iliweka sheria ya kumpa kila Myahudi haki ya kuhamia huko, wala haikueleza Myahudi ni nani. Mwaka 1962 akafika mbele ya mahakama kuu padri Oswald Rufeisen, aliyezaliwa Poland na wazazi Mayahudi, kisha akaingia Ukatoliki. Alidai haki ile kwa kuzaliwa kwake, akakataliwa. Na mwaka 1970 ikaandikwa katika sheria ya kwamba Myahudi ni mwana wa mama Myahudi au aliyeingia dini hiyo, maadamu hana dini nyingine. Padri huyo alikuwa na damu, akakosa dini.

Na wako wenye dini pasipo damu, nao ni jirani. Huko Uganda, karibu na mji wa Mbale, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa Mprotestanti, alisoma Taurati akaishika. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Alipoambiwa ya kuwa kutahiri ni jambo la Mayahudi, alijibu ya kuwa basi yeye ni Myahudi. Alikufa mwaka 1928, na wafuasi wake, waitwao Abayudaya, wakaendelea. Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hata 1979, aliwapiga marufuku. Wengi wakaiacha dini hiyo, na wachache wakasali kwa siri. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli wakawaingiza mamia yao kwa taratibu za sheria, ili shaka iondoke. Hata hivyo marabi wa madhehebu nyingine hawakuikubali kazi hiyo, na mwaka 2018 serikali ya Israeli ikalikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko. Watu waliosali mafichoni kwa ajili ya dini yao bado waliulizwa kama ni yao.

Muislamu asisome habari hii akacheka. Na ajiulize: katika mji wake, aliyesilimu jana huketishwa safu gani?

Qurani imekwisha kukata maneno. Katika Sura Hud, Nabii Nuhu alimwombea mwanawe aliyegharikishwa, akajibiwa ya kuwa huyo si katika watu wake. Katika Sura Al-Baqara, Nabii Ibrahimu aliwaombea dhuria zake uongozi, akajibiwa ya kuwa ahadi haiwafikii madhalimu. Ikiwa damu ya Mitume haikumfaa mwovu, damu ya asiye Mtume itamdhuruje mwema?

Bibi Safiya binti Huyay alikuwa wa Bani Nadhiri, kabila la Mayahudi, katika kizazi cha Nabii Haruni. Alipotukanwa kuwa ni binti wa Myahudi, akalia. Bwana Mtume alimtuliza kwa kumkumbusha ya kuwa baba yake ni Nabii, na ami yake ni Nabii, na mumewe ni Nabii. Hakumwambia aifiche asili yake. Aliifanya kuwa fahari yake.

Basi ile desturi ya kumfutia Muislamu mpya jina la baba yake, akaitwa mwana wa Abdallah, haina lazima katika sheria. Sura Al-Ahzab yaamuru watu waitwe kwa baba zao. Ikrima aliposilimu alibaki mwana wa Abu Jahli, naye ni sahaba.

Atasema msemaji: Je, wanazuoni wa Kishafii hawakutaja nasaba katika kafaa ya ndoa? Naam, wameitaja. Lakini kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, nao waweza kuiacha, na ndoa ikasihi. Bwana Mtume alimshauri Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Hakupenda kwanza; kisha akatii, akaona kheri. Basi walii amkataaye kijana mwenye dini na tabia njema kwa kuwa baba yake alikufa asiyesilimu, na aseme kuwa ametumia haki yake. Asiseme kuwa ameihami dini.

Enyi wazee, enyi walimu wa vyuo: aliyetamka shahada mbili ni ndugu tangu saa ile. Msimwulize tena mlangoni. Mlango huo hamkuujenga ninyi.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo za waja wake na kiburi cha nasaba. Amin.

Wabillahi taufiq.