Poligrafu, Kiapo na Uaminifu wa Askari: Swali Linalotazamwa Kutoka Buhaya

Poligrafu ni mashine inayorekodi mapigo ya moyo, shinikizo la damu, mwendo wa pumzi na jasho la vidole vya mtu anayehojiwa, kwa dhana kwamba anayesema uongo huingiwa na hofu, na kwamba hofu hiyo hujitokeza mwilini hata pale ulimi unapoificha. Polisi wa mji wa Berkeley, California, walianza kuitumia mwaka 1921 kupitia askari mwenzao John Larson, na hadi leo idara nyingi za polisi za Marekani humketisha mbele yake mwombaji wa kazi na kumuuliza kama amewahi kuiba, kutumia dawa za kulevya au kuficha kosa. Afrika Mashariki nayo imekwisha kuisikia, kwa kuwa tarehe 1 Juni 2018, katika Sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wakuu wa ununuzi na uhasibu katika serikali ya Kenya wangechujwa upya na kupimwa kwa mashine hiyo. Kijana wa Muleba au Bukoba, mkoani Kagera, Tanzania, anayetamani kwenda Shule ya Polisi Moshi hukutana na masharti ya aina nyingine: vyeti, afya njema, mwili usiochorwa alama, rekodi isiyo na jinai. Hata hivyo, swali linaloletwa na mashine linamhusu yeye pia: je, uaminifu ni kitu kilichojificha ndani ya mtu, ambacho chombo kizuri kinaweza kukifichua, au ni ahadi ambayo mtu huitoa mbele ya wengine na kisha akaishi akiangaliwa nao?

Buhaya, yaani nchi ya falme za zamani za Kagera kama Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro, iliyajua majibu yote mawili. Kulikuwa na mlaguzi, aliyesoma matumbo ya kuku na kutamka nani ana chuki na nani kamroga mwenzake. Kulikuwa pia na omukago, udugu wa damu, ambao watu wawili wasio ndugu waliufunga kwa tunda moja la kahawa lenye punje mbili: kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, punje zikapakwa damu, na kila mmoja akameza ile yenye damu ya mwenzake. Mlaguzi alidai kuona kilichokwisha kuwamo ndani ya mtu. Omukago haukudai kuona chochote, bali uliumba wajibu ambao siku iliyotangulia haukuwapo, na aliyeuvunja alijulikana kwa tendo lake, si kwa rangi ya uso wake.

Poligrafu imekaa upande wa mlaguzi. Kauli hii itaonekana kali kwa msomaji anayeheshimu sayansi, na yafaa atendewe haki, kwa sababu mashine hupima kweli kile inachokipima: jasho ni jasho na pumzi ni pumzi. Upungufu umo katika hatua ya pili, pale mtaalamu anapotoka kwenye jasho akaruka hadi kwenye uongo. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilionyesha mwaka 2003, kwa mfano wa hesabu, kwamba katika wafanyakazi 10,000 ambao 10 kati yao ni majasusi, mashine iliyotegeshwa ili inase majasusi 8 ingewatia doa pia watu karibu 1,600 wasio na hatia, na majasusi 2 wangepita salama. Aldrich Ames, afisa wa ujasusi wa Marekani aliyewauzia Wasovieti siri za nchi yake, alipimwa mwaka 1986 na tena mwaka 1991, akafaulu mara zote mbili. Wachunguzi walimshuku walipolinganisha tarehe za fedha alizoweka benki na tarehe za mikutano yake na Warusi, na mwaka 1994 akakamatwa.

Kuna jambo zito zaidi, na linaihusu Kagera kwa karibu. Katika mtindo mmoja wa kuhoji unaotumika sana, mtahiniwa huulizwa pia maswali ya kulinganishia, kwa mfano kama amewahi kumdanganya mtu aliyemwamini, kwa matumaini kwamba kila mtu atatahayari; asiye na hatia hutarajiwa kushtushwa zaidi na maswali hayo kuliko na swali lenyewe la wizi au rushwa. Sasa achukuliwe kijana aliyelelewa katika nyumba ya Walokole, watu wa uamsho ulioingia katika sharika za Kilutheri za Bukoba miaka ya 1930, ambao Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na mwaka 1977 kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mmoja wao. Desturi yao ni kusimama mbele ya ndugu, kutaja dhambi kwa jina lake, na kurudisha kilichoibwa. Kijana huyo amekwisha kuungama uongo wake mdogo mdogo, kwa hiyo swali la kulinganishia halimtikisi. Kinachomtikisa ni kushukiwa rushwa na mtu mgeni mwenye kalamu mkononi. Kwa kanuni za mashine, dhamiri iliyosafishwa namna hiyo ina hatari kubwa zaidi ya kuandikwa kuwa ya mwongo.

Dini zilizoota mizizi Bukoba hazikubali kwa wepesi kwamba mwanadamu anaweza kuhukumu moyo wa mwenzake. Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake walifungua kituo cha Kashozi mwaka 1892, lilikwisha kuwakataza mapadre, katika Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215, kubariki majaribio ya maji na moto ambayo kwayo mwili wa mshtakiwa ulilazimishwa kumtolea ushahidi. Na mtaguso huohuo ndio ulioagiza kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, yaani aseme mwenyewe, kwa siri isiyovunjwa. Waislamu nao hufundishwa kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi, na anayekana huapa, na kwamba hakimu huhukumu yaliyo dhahiri huku siri za vifua zikibaki kwa Mungu. Mafundisho hayo hayamlindi mwizi, kwa maana yanauacha mlango wa ushahidi wazi kabisa. Yanachokataa ni mkato wa kumfikia mtu bila kupitia matendo yake. Sheria ya Tanzania hufuata njia iyo hiyo: Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inamfanya mkosaji anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na polisi wenyewe huwaonya wananchi dhidi ya ramli chonganishi.

Yaweza kujibiwa kwamba askari hukabidhiwa bunduki na pingu, kwamba kazi hiyo si haki ya kila mtu, na kwamba mwombaji hupimwa kwa hiari yake. Sehemu mbili za mwanzo ni kweli tupu. Ile ya tatu haisimami, kwa sababu hiari ya kijana asiye na ajira, aliyeuza kahawa ya nyumbani ili apate nauli ya usaili, ni hiari ya jina tu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya India ilizuia watuhumiwa wasipimwe kwa mashine hiyo bila ridhaa yao, na anayeomba kazi si hata mtuhumiwa.

Wala haielekei kwamba jamii inakosa mahali pa kutazama. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba na shule za Bukoba, viongozi wawili waandamizi mkoani Kagera waliondolewa madarakani kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na lile la akaunti ya maafa. Tuhuma si hukumu, lakini kilichoziibua kilikuwa akaunti, kitu ambacho mtuhumiwa anaweza kukiona, kukieleza na kukipinga. Kenya ilipoanza kuwachuja maafisa wake wa polisi mwishoni mwa mwaka 2013, walitakiwa waeleze fedha zilizopita katika benki na M-Pesa zao, na walioshindwa kutoa maelezo waliondolewa. Wanaosimamia usaili wa polisi wawekeze huko: katika kumbukumbu za mali, katika kuwasikiliza majirani wa mwombaji, na katika dawati ambalo mwananchi wa Kamachumu au Kashozi anaweza kumlalamikia askari bila kuogopa; poligrafu na ibaki nje ya chumba cha usaili.