Diski Ikijaa, Nani Asahauliwe?

Maswali makubwa ya maadili siku hizi hayaji yamevaa joho. Yanakuja na fundi mwenye ngazi begani. Fundi anatoboa ukuta, anafunga kamera nne: moja getini, moja uani, moja sebuleni, moja inatazama jikoni. Kisha anamgeukia mwenye nyumba: "Bosi, tuweke diski ya ukubwa gani?" Mwenye nyumba anadhani ameulizwa habari ya bei. Mimi nasema ameulizwa swali la falsafa: wewe unataka kukumbuka mambo ya watu kwa muda gani?

Tuanze na hesabu, maana anayezikimbia hesabu huishia kuhubiri. Kamera moja inayorekodi bila kupumzika, tuseme kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, inakula gigabaiti 1.8 kila saa, yaani kama 43 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 172 na ushei kila siku ya Mungu. Hapo diski ya terabaiti 1 haifikishi hata siku sita. Ya terabaiti 6 inakupa mwezi na siku chache. Ikijaa haigomi. Inafuta ya zamani na kuandika mapya juu yake, kama ubao wa darasani.

Wengine watasema, si uweke kadi ya memori ndani ya kamera yenyewe, yaishe? Kadi ya gigabaiti 128 kwa kasi ileile inabeba siku tatu pungufu kidogo, na kadi za kawaida huchakaa upesi zikiandikwa na kufutwa mfululizo. Tena mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi wake mfukoni. Basi tutume kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni? Kamera moja tu, kwa hesabu hiyohiyo, ni zaidi ya gigabaiti 1,200 kwa mwezi. Bando gani hiyo, ndugu yangu? Na umeme ukikatika?

Halafu kuna hili. Ukituma picha mtandaoni umezipeleka kwenye mashine ya mtu mwingine. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya kamera za nyumbani ya Ring, mali ya Amazon, ikidai kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri hilo. Watu walinunua jicho la kumlinda mtoto chumbani, kumbe lina mlango wa nyuma.

Kwa hiyo wengi tunarudi kwenye diski iliyofungiwa kabatini, zile zilizotengenezwa maalumu kwa kurekodi usiku na mchana. Na hapa ndipo swali lenyewe linapoanza. Kama pesa ipo, kwa nini usiweke diski ya kubeba mwaka mzima? Ubaya uko wapi?

Wazee wetu walisema nyumba husitiri mambo. Hawakusema nyumba huficha maovu. Walijua kwamba binadamu hawezi kuishi akitazamwa kila dakika. Mfikirie dada wa kazi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachemsha maji, anaosha vyombo. Mchana anapigiwa simu kutoka kwao, anakaa kwenye ndoo na kulia. Jioni anacheza na mtoto, anaimba vibaya, anaonja mchuzi mara mbili. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni kosa. Lakini kikiwekwa mwaka mzima, akapatikana mtu mwenye hasira na muda wa kutosha wa kukipekua, atashindwa kumtafutia kosa? Nani kati yetu angebaki mtu mwema baada ya kupekuliwa siku 365?

Ndiyo maana huwa nashuku mtu anayesema, "Asiye na kosa haogopi kamera." Asiye na kosa anaogopa vilevile, kwa sababu kosa mara nyingi halimo kwenye picha, limo kwenye jicho la anayetazama.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kufuta ni huruma. Geuza upande wa pili. Laki mbili zimepotea kwenye droo. Mama mwenye nyumba amegundua wiki ya tatu, na kidole cha kwanza kinamnyooshea dada. Diski ilikuwa ya siku sita. Picha ambayo ingemwonyesha mtoto wa shangazi akifungua droo ilishafutika zamani, imeandikwa juu yake picha ya uani hakuna mtu. Dada amebaki na kiapo chake tu, na kiapo cha maskini hakina bei. Na hata kama picha ingekuwepo, neno la siri analo nani? Si yeye. Aliyerekodiwa usiku na mchana hana uwezo wa kuomba hata dakika moja ya kumtetea.

Basi jambo zito kuliko ukubwa wa diski ni nani ameshika ufunguo wa kumbukumbu. Mwenye diski anaamua nini kikumbukwe, na kunyamaza kwake kunafuta.

Sheria zimeanza kulitazama hili. Mwaka 2007 mwenye nyumba mmoja wa Jamhuri ya Czech, aliyechoka kushambuliwa na watu asiowajua, alifunga kamera iliyoona mlango wake, njia ya watu wote na mlango wa nyumba ya ng'ambo. Diski yake ilikuwa ya kujifuta ikijaa. Oktoba mwaka huo dirisha likavunjwa kwa manati, na kwa picha zile watuhumiwa wawili wakatambuliwa. Mmoja akahoji uhalali wa kamera. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema: kamera inayotazama njia ya umma si jambo la nyumbani tu, sheria ya taarifa binafsi inaihusu. Lakini ikasema pia kwamba haja ya mtu kulinda mali na uhai wa familia yake ipimwe. Mizani, siyo rungu. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa ya mtu isitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lake.

Muda unaohitajika ni upi, basi? Jibu langu ni hili, na anayepinga apinge. Chagua siku kwa kujiuliza: itanichukua muda gani kugundua kwamba nimedhulumiwa? Kwa nyumba nyingi mwezi unatosha, hata ukienda mkoani sikukuu ukarudi. Likitokea jambo, nakili kipande hicho peke yake, mengine yaache yajifute. Kila anayerekodiwa aambiwe, na akituhumiwa aonyeshwe. Na hili ndilo gumu zaidi: tuhuma itolewe kabla diski haijazunguka. Ukikaa kimya mpaka picha zikafutika, umepoteza haki ya kusema kamera ilimwona.

Vijana wenzangu wa kalamu, tusijione tuko pembeni. Sisi nasi tunarekodi. Tunakaa daladalani, tunasikia ugomvi wa jirani, tunaenda kuandika. Tofauti ni kwamba diski inabeba kila kitu bila kuelewa chochote, na sisi tunalazimika kuchagua. Tukichagua kumuumbua mnyonge ili hadithi inoge, hatuna tofauti na yule anayepekua mwaka mzima wa dada wa kazi akitafuta kijiko cha mchuzi.

Kwa hiyo fundi akiuliza ukubwa wa diski, usimjibu haraka. Kwanza waite wote wanaoishi humo ndani, na dada awemo.