Je, Kilicho Bora Lazima Kiwepo?

Mtu atokaye Jinja mjini akashika barabara ya Kamuli hakawii kufika Mafubira. Huko ndiko tulikokuwa tukisahihisha karatasi za Kiswahili za wanafunzi wetu, na huko ndiko tulikotoa sifuri moja ambayo imetukosesha raha hata leo. Swali lilimtaka mwanafunzi atafsiri sentensi fupi ya Kiingereza, isemayo kwamba 'uncle' wa msemaji amefika. Mmoja wao aliandika: "Baba yangu mkubwa, au baba yangu mdogo, au mjomba wangu amefika." Mwongozo wa kusahihishia uliokuwa mbele yetu ulikuwa na neno moja tu, mjomba. Tukapiga mstari mwekundu. Siku ya pili yake kijana alikuja na karatasi mkononi, akatuamkia kwa heshima, kisha akauliza: "Mwalimu, kwa nini mjomba awe bora kuliko hawa wengine?" Tulimjibu kwamba katika kila swali lazima liwepo jibu moja lililo bora kuliko yote. Alinyamaza, lakini si kunyamaza kwa mtu aliyeridhika.

Neno hilo 'lazima' ndilo tunalokusudia kulichunguza katika makala haya. Ndugu yetu mmoja afundishaye hisabati alipousikia mkasa huu alicheka, akatuambia kwamba kosa letu ni kongwe, na kwamba waliolifanya kabla yetu walikuwa vichwa vikubwa kuliko vyetu. Tulimwomba atueleze taratibu, nasi twayaandika hapa kama tulivyoyaelewa.

Kosa lenyewe huvaa nguo za hoja nzuri. Husemwa hivi: kila njia ina gharama yake, gharama haiwezi kushuka chini ya kiasi fulani, kwa hiyo ipo njia ambayo gharama yake ni ndogo kuliko zote. Wasomaji wengi wataikubali hoja hii bila kusita, kama tulivyoikubali sisi. Basi na tumfikirie mtu wa Mafubira anayekwenda sokoni Jinja, yaani kusini. Mzee wa nyumba ameweka sharti kwamba kila atokaye aanze kwa kuelekea kaskazini, upande wa Kamuli, hata kama ni kidogo tu, ndipo ageuke. Akienda mita moja kaskazini, safari yake imeongezeka mita mbili. Akienda nusu mita, imeongezeka mita moja. Robo mita, nusu. Njia fupi kuliko zote ni ipi? Haipo. Kila utakayoitaja, jirani yako ataitaja iliyo fupi zaidi. Na ukisema asiende kaskazini kabisa, umelivunja sharti la mzee. Gharama ina sakafu, lakini hakuna anayeikanyaga sakafu hiyo.

Riemann, mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani, aliijenga sehemu ya kazi yake ya mwaka 1851 juu ya hoja ya namna hiyo, akaiita kanuni ya Dirichlet kwa heshima ya mwalimu wake. Mwaka 1870, Riemann akiwa amekwisha kufariki miaka minne nyuma, Weierstrass alionyesha kwa mfano mmoja mfupi kwamba hoja yenyewe haisimami. Matunda ya Riemann yalikuwa ya kweli, lakini mti uliyoyazaa haukuwa na mizizi. Hilbert ndiye aliyeupandia mizizi mwanzoni mwa karne ya 20. Naye alipohutubia Paris mwaka 1900 na kuwapa wenzake maswali ya karne mpya, katika swali la 20 aliuliza kama matatizo ya namna hii yote yana ufumbuzi, ikiwa tutakubali, pale itakapohitajika, kuipanua maana ya neno 'ufumbuzi'. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotuhusu sisi walimu wa lugha.

Kuipanua maana ni kufanya nini? Tuchukue mfano wa mashua. Chombo cha tanga hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Mabaharia wa pwani husema kwamba hakina budi kubisha, kiende mshazari kulia, kisha mshazari kushoto. Sasa tuseme nahodha ataka kubisha huku akikaa karibu iwezekanavyo na mstari ulionyoka. Atageuza mara kumi. Akigeuza mara mia atakuwa karibu zaidi. Mara elfu, zaidi tena. Mwisho wa safari hizo zote ni ule mstari wenyewe, na huo ndio asioweza kuufuata kamwe! Mwaka 1937 L. C. Young alipendekeza njia ya kutoka katika shida hiyo. Tusiandike mstari peke yake, alisema, bali kila mahali kwenye mstari tuandike na pande mbili ambazo chombo kilikuwa kikielekea, nusu kulia na nusu kushoto. Kitu hicho si njia kwa maana ya zamani. Lakini kipo, na gharama yake ni sakafu yenyewe.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nasi twaupenda kwa sababu unafanana na tafsiri. Kutafsiri ni kuchora ramani: kila mahali katika lugha hii papewe mahali katika lugha ile, pasipo kuvuta kupita kiasi wala kurarua. Wanahisabati huchora ramani kati ya nyuso zilizopinda, na kati ya maumbo mengine ya jamii hiyo wayaitayo manifoldi, wakitafuta ile ivutayo kidogo kuliko zote. Chukua kata, ile ya kuwekea mtungi kichwani, na chungwa. Tunataka ngozi ya kata ilifunike chungwa zima mara moja, kwa mvuto mdogo kabisa. Eells na Wood walithibitisha mwaka 1976 kwamba ramani iliyo bora katika kazi hii haipo. Kinachotokea ni ajabu. Kadiri tunavyopunguza gharama, karibu kata yote husinyaa na kutulia kwenye nukta moja ya chungwa, na kazi yote ya kulifunika huachiwa kipande kidogo, kisha kidogo zaidi, ambacho huvimba kama povu na kulizunguka chungwa lote. Sacks na Uhlenbeck waliueleza mwenendo wa mapovu hayo mwaka 1981. Karen Uhlenbeck alikuja kutunukiwa Tuzo ya Abel mwaka 2019, mwanamke wa kwanza kuipata.

Mtu akiutazama mwisho wa jambo hili kwa macho ya zamani, huona kata iliyolala kwenye nukta moja tu, na chungwa limepotea. Giaquinta na Modica wa Italia pamoja na Souček wa Prague walikataa kulipoteza. Walisema povu nalo lihesabiwe: ramani iliyopanuliwa ni ile kata iliyotulia pamoja na povu linaloning'inia pale lilipozaliwa. Ukihesabu hivyo, iliyo bora ipo.

Hapa ndipo tulipomkatiza ndugu yetu. Je, huu si ujanja? Mtu aliyeshindwa kulipa deni naye huweza kuipanua maana ya kulipa. Jibu lake lilitupendeza, maana hakulikwepa swali. Alisema upanuzi wa haki una masharti. Vile vya zamani vibaki ndani ya vile vipya bila kubadilika. Kila kipya kiwe kimekaribiwa na vya zamani, na gharama zao ziikaribie gharama yake. Kisiwe mgeni aliyeshuka kutoka hewani na bei rahisi ambayo hakuna mwenyeji angeweza kuikaribia. Hatari hiyo si ya kubuni, kwani mwaka 1926 Lavrentiev alionyesha matatizo ambamo kupanua mlango huleta bei ya uongo ya namna hiyo. Na mwisho, baada ya kukipata kilichopanuliwa, mtu arudi akapime kasoro zake. Schoen na Uhlenbeck walifanya hivyo mwaka 1982: ramani iliyo bora kutoka katika umbo la vipimo vitatu, hata ikiwa na kasoro, kasoro hizo ni nukta zilizotengana, si mistari wala nyuso.

Tukiirudia karatasi ya kijana wetu kwa mizani hiyo, twaona kwamba mwongozo ulitenda kama yule asemaye mstari ulionyoka ni njia ya mashua. Kwa Kiingereza ndugu wa baba na ndugu wa mama wamekaa chini ya paa moja. Kwa Kiswahili wana nyumba tatu. Kulipeleka neno hilo lote kwa mjomba ni kuzipoteza nyumba mbili na kujidai kwamba hazikuwapo. Jibu la kijana lilikuwa jibu la Young: mahali pamoja, pande kadhaa. Hata hivyo halikukamilika, kwa kuwa Young hakuziorodhesha pande tu. Aliandika na fungu la kila upande. Kijana hakusema ni lini awe mjomba na ni lini awe baba mdogo.

Jambo hili halikuishia kwenye karatasi moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, pamoja na ushairi wake mkongwe, kikaachwa nyuma. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ililea uamuzi huo, nayo ilikuwa na makao yake hapa kwetu Uganda, Makerere, kuanzia mwaka 1952 hadi 1962. Hatuulaumu uchaguzi, kwani vitabu vya shule vilihitaji njia moja. Lakini lahaja iliyo bora haikugunduliwa Mombasa kama mtu agunduavyo chemchemi, ilichaguliwa. Tofauti hiyo ina uzito kwa mtoto wa Kamuli au wa Mbale, ambaye hajifunzi Kiswahili kwa mama yake. Akiambiwa kwamba neno lake halikuchaguliwa, atajifunza lile jingine. Akiambiwa kwamba neno lake ni baya, atanyamaza darasani, nasi tutadhani ni mvivu.

Tulimwita yule kijana tena. Alama zilikuwa zimekwisha kupelekwa, hazikuweza kubadilishwa, nasi tulimwambia hivyo na kumwomba radhi. Tukamweleza kwamba siku nyingine ayaandike yote matatu, na pembeni mwa kila moja aandike sharti lake: ndugu wa nani, mkubwa au mdogo. Alifikiri kidogo, akauliza: "Na kama sentensi haisemi, Mwalimu, mtanipa alama ngapi?" Tumelipeleka swali hilo kwa wenzetu wanaotunga miongozo. Hatujapata jibu.